Nani Analipia Ubao Ulioharibika? Mazungumzo Kutoka Karakana ya Magomeni, Mtwara

FUNDI: Karibuni tena. Leo tunazungumzia masomo ya ufundi shuleni: anayejifunza akiharibu ubao, nani alipe? Tumekaa nyuma ya karakana yangu hapa Magomeni, Mtwara mjini, kwa hiyo mkisikia grenda msishtuke, vijana wapo kazini. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, Fundi. Naona leo umenipa kigoda kisichoyumba.

FUNDI: Hicho ni cha mkono wangu.

MWALIMU: Basi tuanze na kile cha kwanza. Kile ulichonisimulia juzi.

FUNDI: Aa, umeshaanza kunianika! Haya. Nilikuwa kidato cha pili, tumeambiwa kila mtu atengeneze kigoda. Nikapima mguu wa kwanza, nikakata. Wa pili nikaupima kwa kuulaza juu ya ule wa kwanza. Wa tatu nikaulaza juu ya wa pili. Wa nne juu ya wa tatu. Kila mara alama ya penseli inaongezeka kidogo, na msumeno nao unakwenda unakotaka. Mguu wa nne ukawa umezidi wa kwanza kwa unene wa kidole.

MWALIMU: Hiyo ni hesabu, makosa yamejumlishana. Ungerudi kwenye mguu wa kwanza kila mara, yasingejumlishana.

FUNDI: Sasa hilo nimelijua mwaka gani! Mimi niliona kinayumba, nikapunguza mguu mrefu. Kikayumba upande wa pili. Nikapunguza tena. Mwisho kikawa kimo cha mbuzi ya kukunia nazi.

MWALIMU: [anacheka] Na mwalimu wako?

FUNDI: Hakunichapa. Alisema, "Umeshajua ulipokosea, chukua ubao mwingine." Nikaenda stoo. Ubao mwingine haupo. Muhula mzima uliobaki nikawa natazama wenzangu wanapiga randa. Yaani pale nilipokuwa tayari kujifunza ndipo somo likaisha.

MWALIMU: Ndiyo maana nikasema tulizungumze hili. Mwaka 2024 baadhi ya sekondari zilianza kupokea kidato cha kwanza wa mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Mikondo sasa ni miwili, wa jumla na wa amali. Wale wa mwanzo wanafika kidato cha nne 2027. Kila ninapokaa na walimu wenzangu, mazungumzo ni jengo la karakana na mashine. Sawa. Mimi nauliza ubao wa pili uko wapi. Fungu la kuharibia limepangwa?

FUNDI: Fungu la kuharibia! Mkaguzi akiliona kwenye vitabu atakuita ofisini.

MWALIMU: Aniite. Kemia tunanunua tindikali tukijua itamwagwa. Mbona ubao unahesabiwa kama mali ya kutunzwa?

FUNDI: Nimeona shule, siitaji, ina mashine ya kuranda mpya kabisa, imefunikwa turubai. Ufunguo anao mkuu. Watoto wanaichora kwenye daftari.

MWALIMU: Wanaichora vizuri?

FUNDI: Vizuri sana. Na majina ya sehemu zake wanayo yote.

MWALIMU: Unajua hatujaanza leo. Mwalimu Nyerere ameandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Baadaye sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Wazo lilikuwa zuri. Lakini shuleni kwangu nilikosoma, ukichelewa namba unapewa jembe. Ukiongea kilugha unapewa jembe. Sasa mtoto gani atapenda kilimo alichokijua kama adhabu?

FUNDI: Halafu nyumbani wazazi wanakwambia soma usije ukashika jembe.

MWALIMU: Wanaokusomesha kwa hela ya korosho.

FUNDI: [anacheka] Hapo umemaliza. Hebu simulia ile ya Newala.

MWALIMU: Nilikuwa nafundisha hisabati Newala, kidato cha tatu. Wastani hauingii kichwani kwa mtu. Nikasema kila mmoja alete korosho ghafi mkono mmoja, tukaazima mashine moja ya kubangulia, ya mkono na kanyagio, kwa kikundi cha kina mama. Yule mama aliyekuja nayo akatuonyesha: korosho imeshavukizwa na kupoa, unaipanga kwenye kisu, unakanyaga, unageuza, ganda linafunguka, punje inatoka nzima. Yeye anafanya kama anapumua. Watoto wangu ishirini za kwanza zote vipande.

FUNDI: Na mafuta ya ganda?

MWALIMU: Yule mama aliwapaka majivu viganjani kabla hawajagusa. Mmoja akajifanya mjuaji, akakataa. Siku ya tatu ngozi ya vidole inabanduka kama ya nyoka. Hakukataa tena.

FUNDI: Mafuta yale hayana utani.

MWALIMU: Basi tukaja kwenye madaraja. W320, maana yake nzima nyeupe, punje 300 hadi 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. W240 ni kubwa zaidi, kwa hiyo ratili inajaa kwa punje chache. Nikawaambia gramu 454 gawanya kwa 320. Wakapata gramu moja na nukta nne. Wakaweka punje kwenye mizani ya maabara, kweli inacheza hapohapo. Walipiga kelele mpaka mkuu akaja dirishani. Na punje ikivunjika inashuka daraja, kwa hiyo kila aliyevunja alijua amepoteza nini.

FUNDI: Mkuu akasema nini?

MWALIMU: Akauliza korosho zilizovunjika nani atalipa.

FUNDI: Mlifanyaje?

MWALIMU: Tulizila.

FUNDI: [anacheka sana] Hapa kusini tumebarikiwa, tunaharibu na tunakula. Lakini utani pembeni, inauma. Kilo nne na ushee za ghafi ndiyo unapata kilo moja ya korosho karanga, yaani punje zilizobanguliwa, na sehemu kubwa ya mazao yetu bado inapanda meli na ganda lake kwenda India na Vietnam. Viwanda vilivyojengwa miaka ya sabini, vingi viligeuka maghala.

MWALIMU: Kwa hiyo amali ya huku ningeanzia kwenye ganda. Tuache kila shule kuwa na vyerehani tu kwa sababu Dodoma wana vyerehani.

FUNDI: Na injini. Nisemee upande wangu. Ukifika mwezi wa sita hadi wa nane, mikorosho inapulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Zile pampu za kubeba mgongoni ni injini za kuchanganyia petroli na oili. Mkulima akisahau oili, au kijana akaona anabana matumizi, injini inanoki. Vumbi la salfa nalo linaziba kichujio cha hewa. Msimu mzima pampu zinapangana hapa mlangoni kama wagonjwa kliniki.

MWALIMU: Na vijana wako wanajifunzia kwenye pampu za watu?

FUNDI: Thubutu! Angalia lile kreti pale chini ya mwembe. Injini zilizokufa, nimenunua kwa wauza vyuma chakavu. Kijana akija anakabidhiwa mfu mmoja. Anafungua pistoni, ringi, kabureta, anapanga kwenye gunia, anarudisha. Boliti ikibaki mkononi anafungua tena. Wiki ya kwanza boliti zinabaki saba. Akikata nyuzi za boliti sinuni, kwa sababu ile tayari ni chuma chakavu.

MWALIMU: Lo, umenijibu. Kumbe fungu la kuharibia unalo, liko chini ya mwembe.

FUNDI: Lakini si kila kitu kina mfu wake. Kuchomelea, vijiti ni hela na umeme ni hela. Wakati linajengwa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, kila kijana wa Mtwara alitaka kuchomelea. Bomba likakamilika 2015, likafukiwa. Lililofukiwa linataka watu wangapi? Pampu ya mkorosho inaharibika kila mwaka.

MWALIMU: Na wale waliojifunza chini ya mwembe, bila cheti?

FUNDI: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwarasimishia ujuzi. Wawili wangu wameenda. Mmoja ni binti, na mkono wake kwenye kabureta ni mwepesi kuliko wangu, msimwambie.

MWALIMU: Amekusikia, anacheka pale.

FUNDI: Ngoja, kuna mzee mlangoni na pampu. Eti alijaziwa petroli tupu.

MWALIMU: Mwachie binti aifungue.

FUNDI: Mwalimu, hii ina mwenyewe.

MWALIMU: Basi kaa naye karibu.