Umaarufu wa Msanii na Jenereta Nyuma ya Jukwaa

Wazee wangu, dada na kaka wasanii, asanteni kwa kuja. Najua baadhi yenu mna shoo usiku huu, kwa hiyo sitawachelewesha.

Hapa Kisumu hakuna haja ya kumweleza mtu pakruok. Ohangla, muziki wa Waluo, imekolea, mteja anasimamisha muziki, anatoa pesa, anajisifu na kuwasifu rafiki zake, kisha ngoma inaendelea. Ni desturi tamu, na imelisha nyumba nyingi. Lakini pia imetuzoesha jambo moja: tukimsikia msanii akisifu kitu, tunajiuliza kwanza nani kalipa. Ndiyo maana ukipanda jukwaani na fulana ya kijani ukatuhimiza tupande miti, tunakupigia makofi yale yale tunayompigia mheshimiwa aliyenunua sifa zake.

Sasa tazameni waliofanya kinyume. Mwaka 2019 Chris Martin, mwimbaji wa bendi ya Coldplay ya Uingereza, alisema hawatafanya ziara ya albamu yao mpya mpaka wajue namna ya kuzunguka bila kuharibu mazingira. Waliporudi jukwaani mwaka 2022 walikuja na betri, na baiskeli na sakafu za kuzalisha umeme mashabiki wakikanyaga na kurukaruka. Mwaka 2024 wakatangaza kuwa hewa chafu imepungua kwa asilimia 59, shoo kwa shoo, ukilinganisha na ziara yao ya 2016 na 2017. Mimi zile baiskeli naziona mbwembwe. Kazi yenyewe iko kwenye malori, ndege na mafuta, mambo ambayo hakuna anayeyapiga picha. Tena hesabu hiyo haikugusa safari za mashabiki wenyewe.

Hapo ndipo bendi ya Massive Attack ilipowapita. Kwanza waliwapa watafiti wa tabianchi wa kituo cha Tyndall kazi ya kuchunguza ziara za muziki. Halafu Agosti 2024 wakapiga shoo kwao Bristol, Uingereza: jukwaa la betri, hakuna maegesho ya magari, na treni za ziada za kuwarudisha watu nyumbani.

Mtaniambia hao ni matajiri. Sawa. Lakini sisi tuna kitu ambacho nchi nyingi hazina. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hautokani na mafuta. Kuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, kaunti ya Nakuru, unaozalisha umeme tangu 1981; kuna upepo wa kando ya Ziwa Turkana; na hapa jirani kuna maji ya Sondu Miriu. Nyaya za umeme huo zinapita juu ya uwanja, na chini yake jenereta ya dizeli inanguruma usiku kucha, msanii akiimba habari za hewa safi!

Promota ana hofu yake, na simlaumu. Stima ikipotea katikati ya wimbo, chupa zitaruka. Basi avute laini ya umeme, betri zishike vyombo na maikrofoni stima ikikatika, jenereta ibaki ya akiba.

Wapigaji wa isukuti kutoka Kakamega wananielewa. Ngoma yao huchongwa kwenye gogo la mti, na tangu 2014 UNESCO imeuweka uchezaji wake kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mpigaji wa isukuti akizungumzia msitu, hatumuulizi nani kamlipa. Anazungumzia kazi yake.

Kwa hiyo wewe ambaye jina lako linajaza uwanja, usianze na wimbo wa mazingira. Anza na mkataba. Andika umeme wa jukwaa utatoka wapi. Andika matatu zitakazowarudisha watu Kondele, Nyalenda na Ahero shoo ikiisha, ili kila mmoja asije na gari lake. Na uyaandike hayo kabla ya kupokea malipo ya kwanza, kwa sababu ukishapokea, promota hapokei simu yako tena mpaka siku ya shoo.