Kwa nini simtumii tena mama mashine ya kufulia iliyotumika

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, na habari zenu nyote mnaonitazama kutoka Mbeya, Njombe, Songea na kwingineko. Nimelazimika kurekodi video hii kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: «Dada, wewe mwenyewe ulituonyesha mashine ya kufulia iliyotolewa nje barabarani huko Reading, Uingereza, ninakoishi, kwa nini usiichukue ukaituma nyumbani?» Wapo walioongeza kwamba nimewasahau, na kwamba mimi nabonyeza kitufe ilhali mama yangu pale Kihesa anafua kwa mikono. Nitalijibu leo kwa kirefu, na ninaomba asitokee wa kusema ninaringa kwa kuwa niko Ulaya, wala wa kusema ninalalamika wakati wengine wanatafuta hata nauli ya kufika Dar es Salaam.

Mashine nilishatuma. Ilikuwa mwaka 2021, niliinunua kwa paundi 60, ikiwa na umri wa miaka 11, na niliijaribu kwa nguo zangu mwenyewe kabla ya kuifunga. Wanaosema umeme ni ule ule hawajakosea, kwa sababu Uingereza na Tanzania zote hutumia volti 230 na hezi 50, na hata plagi ya pini tatu bapa ni moja. Wenye ndugu Marekani ndio wajihadhari, kwa kuwa kule ni volti 120 na hezi 60, na transforma mtakayouziwa hubadilisha volti tu, haigusi hezi, hivyo mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 huweza kuzunguka polepole na kuchemka.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa karatasi. Sheria za Uingereza zinataka kifaa cha umeme kilichotumika kinaposafirishwa nje kiwe kimepimwa na kina ushahidi kwamba kinafanya kazi, la sivyo kinahesabiwa kuwa taka, na tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu taka hatari, umebana zaidi usafirishaji wa taka za umeme kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo ile mashine ya barabarani mnayoniambia niiokote haina cheti, na fundi wa kuipima hafanyi bure. Nikalipia cheti, nikalipia nafasi kwenye kontena la kuchangia, nikangoja miezi mitatu. Ilipofika bandarini, wakala wa forodha niliyemwamini alinipa hesabu moja Jumatatu na nyingine Alhamisi, akieleza kwamba bei niliyoandika imeonekana kuwa ndogo mno. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haitozwi kwenye paundi 60 peke yake, bali hesabu inajumuisha nauli, bima na ushuru wenyewe. Mpaka mashine inapakiwa kwenye lori la kwenda Iringa, nilikuwa nimetumia fedha ambazo zingemnunulia mama mashine mpya ya vyumba viwili, kimoja cha kufulia na kingine cha kukamulia, pale mjini, na chenji ikabaki. Hili liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu baadaye niliambiwa na ndugu yangu wa damu kwamba nimetuma takataka.

Sasa nieleze ilivyokufa, maana hapo ndipo penye somo kwa anayetaka kununua mashine za aina hii, zenye mlango mbele, hata kama ziko dukani Mwanjelwa, Mbeya. Ngoma ya mashine hizi, yaani pipa linalozungusha nguo, imening'inia kwenye springi na shokapu. Inapotoka kiwandani hufungwa kwa nyuma na boliti ndefu za safari ili isiyumbe, na boliti hizo hutolewa siku ya kwanza ya kuitumia. Baada ya miaka 11 hakuna anayejua ziko wapi, wala mimi sikuwa nazo. Hivyo ngoma ile iliyumba baharini, ikayumba tena ndani ya lori likipanda Kitonga, na ilipofika Kihesa shokapu moja ilikuwa imeng'oka.

Kaka yangu akaitengeneza, akaunga maji. Simtanki letu liko juu ya mnara wa mita tatu. Kila mita kumi za kimo huleta shinikizo la maji la takribani baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo sisi tulikuwa na baa 0.3, ilhali kijitabu cha mashine kilitaka 0.5. Ilikuwa inavuta maji kidogo kidogo, inangoja, kisha inaandika kosa na kusimama nguo zikiwa zimelowa nusu. Tukaongeza pampu ndogo, gharama nyingine.

Ilifanya kazi miezi minne. Kisha mama akaanza kunipigia simu na kuniwekea sauti ya mashine: mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, unaoongezeka kadiri ngoma inavyokamua. Hiyo ni beringi, kile kipande kinachoiwezesha ngoma kuzunguka. Sili ya mpira inapochakaa, maji ya sabuni hupenya hadi kwenye beringi, grisi inaoshwa, kutu inaanza. Fundi alipoitoa ngoma alikuta plastiki ya nje haina skrubu hata moja, imechomelewa pande zote. Hili ndilo linalonichukiza kuliko yote, kwa sababu beringi yenyewe ni kitu cha bei ndogo kinachopatikana kwa wauza spea za magari, lakini mashine nyingi za miaka ya karibuni zimefungwa kwa namna ambayo unalazimika kununua ngoma nzima. Mashine nyingi za zamani zaidi zilifungwa kwa boliti. Fundi wetu, ambaye ninamheshimu sana, aliikata kwa msumeno, akabadilisha beringi, akaifunga kwa boliti na silikoni. Ilivuja baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo ukienda kununua, hili ndilo jambo ninalolifanya mimi, na wewe utaangalia hali yako na mfuko wako. Fungua mlango ngoma ikiwa tupu, ishike ukingo wa juu, uinyanyue. Ngoma na mpira wa mlango vikipanda pamoja, hizo ni springi, hakuna shida. Ngoma ikicheza peke yake ndani, beringi imekwisha, ondoka. Kisha mwombe muuzaji aigeuze, utazame nyuma kama kuna michirizi ya kahawia katikati. Kaboni za mota, vile vipande vidogo vinavyoipelekea mota umeme, zikiwa zimeisha usiogope, zinabadilishwa kwa muda mfupi. Hita yenye ganda la chokaa ni kawaida kwa mashine zilizotoka huku Reading, maana maji yetu yana chokaa nyingi, lakini ijue na uipunguze kwenye bei. Na kama nyumba yako haina waya wa ardhi (ethi), tafadhali shughulikia waya huo kwanza, kwa sababu hita iliyopasuka kwenye sakafu yenye maji inaua.

Shemeji yangu wa Tukuyu ameuliza kuhusu mashine ya kukaushia, na ninamwelewa, kwani mvua za kule haziziachii nguo zake hata saa mbili za jua. Lakini hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi ikiwa ya zamani. Nyuzi za nguo hujikusanya ndani karibu na hita, na zinashika moto. Mwezi Agosti 2016 jengo la ghorofa huko Shepherd's Bush, London, liliungua kwa moto ulioanzia kwenye mashine ya kukaushia nguo. Mashine nyingi za Hotpoint, Indesit na Creda zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 zilihitaji marekebisho kwa sababu ya nyuzi hizo, na ambazo hazikurekebishwa ziliitwa zirudishwe mwaka 2019. Hizo ndizo ambazo mtu anaweza kukuletea kwa bei ya chini bila kujua alichobeba. Isitoshe, aina ya kawaida inakula uniti nne hadi tano kwa mzigo mmoja, kwa hiyo shemeji, mwenye kujibana ndani ya uniti 75 kwa mwezi atazimaliza kwa mizigo kumi na mitano hadi kumi na tisa kabla hajawasha hata taa.

Mama sasa ana ile ya vyumba viwili, iliyonunuliwa mjini, na spea zake anazijua fundi wa mtaani. Wewe ukiamua kununua iliyotumika, sikukatazi, maana wapo waliobahatika wakakaa nazo miaka. Kibandiko chenye jina la modeli kipo ndani ya ukingo wa mlango. Kipige picha unitumie, nitakutafutia kama ngoma yake inafunguka na kama imo kwenye orodha ya zilizoitwa zirudishwe. Ila nitumie kabla hujalipa, kwa sababu wengi wananitumia mashine ikiwa tayari sebuleni.