Dikteta Akishaanguka: Vijana Wetu na Riwaya za Distopia

Ndugu walimu, wakutubi na wazazi,

Distopia, yaani hadithi za nchi ya kubuni inayotawaliwa kidhalimu, sitawaeleza kwa kirefu. Watoto wenu wameshawaeleza, na wengi wenu mmeziona sinema zake. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: tunawagombeza vijana juu ya vitabu hivi kwa sababu isiyo na mashiko, na kasoro yenyewe tunaiacha ipite.

Sababu isiyo na mashiko ni damu. "Watoto wanauana humo!" Kweli, wanauana. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka Marekani mwaka 2008, kila wilaya kati ya 12 hutoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18. Wanatiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inatazama kwenye televisheni. Mzazi akisikia hayo anakinyang'anya kitabu. Laiti angesoma sura ya kwanza tu!

Humo mna jambo ambalo sichoki kulisimulia. Watoto huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Ukitimiza miaka 12 jina lako linaingia mara moja, ukifika 13 mara mbili, mpaka 18 mara saba. Hapo kila mtoto yuko sawa na mwenzake. Lakini mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila nyongeza anapewa posho ya nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, posho yenyewe ikiwa haba. Anaweza kuwachukulia na ndugu zake. Na majina hayo hayafutwi, yanajumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss, shujaa wa kitabu, mwenye miaka 16, jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, wa miaka 18, anayelisha nyumba ya watu watano, limo mara 42. Nani alimlazimisha Gale? Hakuna. Sheria inasema ni hiari yake.

Hebu nionyesheni kitabu cha uraia kilicholieleza jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho! Kijana wa kidato cha pili akishalielewa, hutamdanganya tena kwamba jambo lina haki kwa kuwa fomu ilikuwa moja kwa wote. Ataanza kuuliza nani alijaza fomu hiyo akiwa na njaa. Ndiyo maana wanavipenda vitabu hivi. Wana umri wa kupangiwa kila kitu na watu wazima, na hapa wamempata mtu mzima anayewaambia ukweli kuhusu mipango hiyo.

Kuna atakayesema hizo ni njozi tu. Wanajeshi wa Thailand hawakuona hivyo. Baada ya mapinduzi ya Mei 2014, vijana walianza kunyoosha vidole vitatu, ishara ya heshima na kuagana iliyomo kitabuni. Jeshi likaonya kuwa watakaokaidi watakamatwa. Novemba mwaka huo wanafunzi waliinyoosha mbele ya Prayuth Chan-o-cha, kiongozi wa mapinduzi, akihutubia mjini Khon Kaen. Wakakamatwa pale pale. Mwaka 2021 ishara hiyo hiyo ilijaa barabara za Myanmar.

Sasa kasoro, na naomba mnisikilize hapa kuliko kwingine kote. Kitabuni utawala unaanguka kufikia juzuu la tatu. Prayuth alibaki waziri mkuu mpaka 2023. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Riwaya hizi zinamzoesha kijana kumtambua dhalimu, kisha zinamwahidi kwamba shujaa mmoja mwenye shabaha atamaliza kazi. Ghala la nafaka litagawiwa na nani asubuhi inayofuata, na kwa orodha ipi? Collins mwenyewe alilihisi swali hilo: kiongozi wa waasi anataka michezo ya mwisho, safari hii kwa watoto wa mji mkuu. Lakini walioiga kazi yake wengi wao walichukua uwanja wa mapigano na kuiacha posho.

Pembetatu za mapenzi na uzuri wa waigizaji nayapita, muda wangu umekwisha. Hili moja siliachi: mwandishi wa Kenya, Katama Mkangi. Aliwekwa kizuizini bila kesi katika Kenya ya miaka ya 1980, kwa hiyo udhalimu hakuusoma vitabuni. Mwaka 1995 alitupatia riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo, na chombo kilichokusudiwa kumwangamiza kinamfikisha kwenye nchi inayoendeshwa kwa haki. Mkangi anathubutu kutuonyesha nchi hiyo inavyokwenda: watu wanavyofanya kazi na wanavyogawana.

Kwa hiyo mnaonunua vitabu vya muhula ujao, msiiondoe riwaya ya Mmarekani. Nunueni na Walenisi, mwanafunzi azisome pamoja, kisha aandike kurasa mbili za jinsi wilaya ya Gale itakavyoendeshwa vita vikiisha. Na kurasa hizo tuzisome neno kwa neno, si kutia tiki na kurudisha.