Holašovice: Kijiji Kilichobaki Mahame Mara Mbili

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tuko Ucheki, kule kusini, Bohemia ya Kusini. Kijiji kinaitwa Holašovice. Wakazi wake hawafiki 200, na kiutawala kiko chini ya kijiji cha jirani, Jankov. Ila tangu 1998 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, orodha ileile waliyomo Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu.

SALIM: Tuelekeze kwanza, dada Rehema. Mtu anafikaje?

REHEMA: Unaanzia České Budějovice, mji mkuu wa jimbo, unakwenda magharibi kilomita kama 15. Nchi ni tambarare na ina maji mengi. Zamani sehemu kubwa ilikuwa chepechepe, watu wakachimba mabwawa ya samaki, na hayo mabwawa yapo mpaka leo. Upande wa kusini unaiona milima ya Blanský les na kilele chake, Kleť, mita 1,084. Kisha unaingia kijijini na kukuta uwanja mrefu uliojaa nyasi, mita 210 kwa 70, una bwawa, mahali pa mhunzi, na kikanisa cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk cha mwaka 1755.

SALIM: Na nyumba zote zimeuelekea uwanja.

REHEMA: Zote, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kila boma linatazama uwanjani kwa kuta mbili za mbele zenye ncha juu, na katikati yake lango la tao. Ukuta mmoja ni wa nyumba ya familia. Wa pili mara nyingi ni ghala la nafaka, au makao ya wazee waliokwisha kumwachia mtoto shamba. Ukivuka lango unakuta ua, mazizi, banda la nyasi kavu, kisha bustani, kisha mashamba. Maboma 23 yamepangwa hivyo, na viwanja vyenyewe vimegawanywa kama vilivyogawanywa zama za kati.

SALIM: Lakini hizo kuta si za zama za kati. Zina maua ya lipu, mapindo, rangi ya waridi, njano, buluu, na mwaka wa ujenzi umeandikwa juu.

REHEMA: Ni za karne ya 18 na 19. Nyingi zilipata sura hiyo baada ya 1848, ulipofutwa utwana, yaani wajibu wa mkulima kumfanyia kazi bwana wa ardhi, naye akawa mwenye ardhi yake. Akipata fedha anaita mwashi wa hukohuko kwao. Mwashi yule hakusoma chuo cha usanifu. Alikuwa ameyaona mapambo ya baroko, ule mtindo wa Ulaya wa madoido mengi, makanisani na kwenye majumba ya makabaila, akayaleta kwenye nyumba ya mkulima. Wacheki wanauita mtindo huo baroko ya wakulima. Mimi naupenda kuliko majumba yenyewe, kwa sababu kila mwashi alikuwa na mkono wake. Hutaona kuta mbili zinazofanana kabisa.

SALIM: Sasa turudi nyuma. Nani alikuwa akiishi pale?

REHEMA: Hati ya kwanza kukitaja ni ya 1263. Mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili alikitoa kwa watawa Wakatoliki wa shirika la Sistersia, wa monasteri ya Vyšší Brod, nacho kikabaki mali ya monasteri hiyo zaidi ya miaka 500. Kati ya 1520 na 1525 ikaja tauni. Salim, walibaki watu wawili tu.

SALIM: Wawili, kijiji kizima!

REHEMA: Wawili. Monasteri ikaleta watu wengine kutoka Bavaria na Austria kuja kulima. Kwa hiyo kijiji cha Bohemia kikawa cha wasema Kijerumani, wakaishi hapo vizazi na vizazi. Mwaka 1895 walikuwa Wajerumani 157 na Wacheki 19.

SALIM: Maana yake hizo kuta tunazozisifu zilijengwa na familia za Kijerumani.

REHEMA: Nyingi, ndiyo. Na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Czechoslovakia, nchi ambayo Ucheki ilikuwa sehemu yake wakati huo, iliwafukuza Wajerumani wake, watu karibu milioni 3. Wa Holašovice wakaondoka nao. Maboma mengi yakabaki mahame kwa mara ya pili.

SALIM: Hapa ndipo moyo wangu unapokwama. Vibao vya watalii husema kijiji "kimehifadhiwa", kana kwamba wazee walikaa kikao wakaamua kukitunza.

REHEMA: Hakuna aliyeamua. Kwingine, wakati wa ukomunisti, mwenye nyumba alibomoa ukuta wa zamani, akaweka madirisha mapana na paa la kisasa, kwa sababu alikuwepo na alitaka kuishi vizuri. Holašovice wa kubomoa hawakuwa wengi. Nyumba zilichakaa, lakini umbo lake halikuguswa. Ukarabati mkubwa ulianza 1990, baada ya ukomunisti kuanguka.

SALIM: Basi mimi nasema mgeni aambiwe yote mawili akiwa bado amesimama mbele ya ukuta: ni mzuri, na wazao wa waliouchora walitolewa. Akiambiwa nusu anakuwa amedanganywa.

REHEMA: Nakubali, ila tusiwasahau waliopo. Wanaoishi humo leo ndio waliopaka upya zile rangi, na ndio wanaovumilia kamera dirishani mwao kila kiangazi. Kuna sherehe ya wakulima kila Julai, wahunzi, wafinyanzi na wasusi wa vikapu wanajaa uwanjani. Mimi ningekwenda siku ya kawaida, asubuhi, nizunguke uwanja taratibu nikisoma miaka iliyoandikwa juu ya kuta.

SALIM: Na mwaka wa kikanisa, 1755, uusome pia. Wakati huo kijiji kilikuwa bado cha watawa.