Kiwanja Kilichokuwa Bahari

Bilauri hii nimeikoroga kabla sijasimama hapa. Ni maji ya chumvi na mchanga wa ufukweni, gao moja tu. Chembe nzito zimeshatua, lakini tazameni lile vumbi, bado linaelea. Mchanga ukichotwa chini ya bahari na kumwagwa kwingine, vumbi kama hilo huchukuliwa na mkondo, likayanyima matumbawe mwanga, likafunika nyasi za baharini. Tofali la kwanza halijawekwa, hasara imeshaingia.

Palm Jumeirah, kisiwa cha kutengenezwa huko Dubai kilichoanza kujengwa 2001, kilimeza takriban mita za ujazo milioni 94 za mchanga. Ulichotwa chini ya Ghuba, maana ule wa jangwani, pamoja na wingi wake wote, ni laini mno, haushikani. Ukingo wa kuzuia mawimbi ulipokizunguka, maji ya ndani yakatuama. Ikabidi ukatwe mianya.

Haya, mtu ana kisiwa kipya cha namna hiyo. Anajenga hoteli, anaweka mabomba ya kubana maji, kisha anaomba LEED, kile cheti cha Wamarekani cha majengo ya kijani, yaani yanayotunza mazingira. Naona mmeshaanza kuhesabu alama za kukipata. Ngojeni. Toleo la 4, la 2013, lina masharti ya mlangoni: jengo liwe mahali pa kudumu, juu ya ardhi iliyokuwapo. Ardhi ya kufukia bahari hukubaliwa ikiwa tu ilishabeba jengo au sakafu ngumu iliyojengwa kwa shughuli nyingine, si kwa mradi unaoomba. Hoteli ya kwenye meli, hata ikijaa paneli za jua, haimo.

Mimi sharti hili nalipenda, ila lina tundu. Mtu akifukia bahari akaweka maegesho ya magari, atakayekuja kujenga baada yake anaweza kupita.

Tuje Unguja. Darajani pameitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja, la kuvuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulishafukiwa zamani, leo ni barabara na maduka. Anayejenga upya palipokuwa na duka bovu, sharti hili halimgusi. Anayetaka kumwaga kifusi baharini apate mandhari ndiye atakayekwama.

Kwa hiyo mkiletewa kiwanja cha ufukweni, msichore hata choo kabla ya kuona ramani za zamani. Muulizeni mwenye mradi: kabla yako hapa palikuwa na nini? Akijibu "maji", mwambieni siku hiyo hiyo, kabla hajalipa ada ya maombi.