Usiku wa Kwanza Baada ya Upasuaji wa Pua

Ndugu madaktari, wauguzi na wanafunzi,

Lugha yetu inaziita dawa za nusukaputi, zinazompotezea mgonjwa fahamu wakati wa upasuaji, "dawa za usingizi", na mgonjwa anayesikia jina hilo hujiandaa kwa jambo alilolizoea tangu utotoni. Lakini ubongo ulio chini ya nusukaputi haupiti zile hatua za usingizi wa kawaida zinazorudiana kila baada ya dakika 90 hivi. Aliyekaa saa 2 mezani hajalala saa 2.

Katika upasuaji wa pua, ushindani mkubwa ni kati ya propofoli, inayoingizwa mshipani, na sevoflureni, inayovutwa pamoja na hewa. Panya walionyimwa usingizi kisha wakapewa propofoli walilipa deni lao karibu kama waliolala kweli, ilhali kwa sevoflureni deni la usingizi wa ndoto lilibaki. Panya si binadamu, na matokeo kwa wagonjwa hayajawa ya kauli moja. Hata hivyo, kwa kuwa propofoli pia husaidia kupunguza damu inayomziba macho mpasuaji, mimi huanza nayo.

Linalonisumbua zaidi ni usiku wenyewe. Pua imejazwa chachi, mgonjwa anapumua kwa mdomo, koo limekauka, na kila anapozama usingizini anazinduka. Tukimwongezea mofini kwa ajili ya maumivu, tunampunguzia usingizi mzito na wa ndoto pamoja na msukumo wa kupumua, na kwa mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini hiyo ni hatari ya kweli. Usingizi wa ndoto uliopotea hurejea kwa wingi siku chache baadaye, misuli ya koo ikilegea, pengine mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Deksimedetomidini, dawa ya kutuliza ambayo huleta hali inayokaribia usingizi wa asili, inaweza kupunguza haja ya mofini, mradi tuangalie mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwani huvishusha vyote viwili.

Nawasihi basi tumuulize mgonjwa alivyolala mwezi mzima kabla ya upasuaji. Kipimo cha Pittsburgh cha mwaka 1989, ambacho ni dodoso la ubora wa usingizi, kina maswali 19, na anayezidi alama 5 kati ya 21 huhesabiwa kuwa halali vizuri. Wengi wa wagonjwa wetu wa pua wamekuja kwetu kwa sababu hiyo hiyo, na tusipowauliza mapema tutailaumu dawa kwa usingizi ambao hawakuwa nao.