Chumvi inaachana kabla betri haijafika

Walimu wenzangu, najua kuna wanaonong'ona huko nyuma "kaja na ioni zake tena", ndio, nimekuja nazo, maana bado nasahihisha karatasi za kidato cha tatu nakuta eti umeme ndio unaivunja chumvi kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji chanya au hasi. Hapana jamani! Ukishaikoroga chumvi kwenye maji, sodiamu na kloridi zimeshaachana, betri hata haijanunuliwa. Mkemia wa Uswidi, Arrhenius, kayasema haya tangu 1884. Betri kazi yake ni kuzipa mwelekeo tu, chanya ziende kathodi (ncha hasi), hasi ziende anodi (ncha chanya), kwa wakati mmoja.

Fanyeni hivi. Karatasi ya chujio, ilowesheni kwa maji yenye chumvi kidogo, ilazeni kwenye kioo, klipu mbili kwenye ncha, katikati punje moja ya pamanganeti ya potasiamu. Unganisha betri ya volti 9 halafu tulia, usianze kuitingisha meza! Zambarau ya pamanganeti, ambayo ni ioni hasi, itaanza kuburura mkia kwenda upande chanya, potasiamu nayo inaenda hasi ila haina rangi huioni. Kuna mjuaji atasema hiyo ni rangi inasambaa tu kama wino. Sawa, geuza waya. Kama ni kusambaa tu, mbona mkia sasa unavutwa upande wa pili?

Na msikate tamaa mapema, klipu zikiwa sentimita 3 hivi usitegemee hata milimita mbili kwa dakika. Hapo naulizwa kila mara, sasa mbona balbu ukiiunganisha na maji ya chumvi inawaka palepale? Kwani mpira wa bustani uliojaa maji ukifungua koki unasubiri maji yatoke tangini? Ioni zote zinaanza kusogea pamoja, kila mahali. Elektroni zinapita kwenye waya, haziogelei kwenye maji, hilo nalo nimelichoka.

Halafu kufika si kupokewa. Sodiamu inafika kathodi, ila kwenye maji inayochukua elektroni ni maji yenyewe, unapata haidrojeni na alkali, weka fenolfthalini, kiashiria cha alkali, uone pinki. Klorini ya anodi fanyieni nje, ni sumu ile.

Naonyeshwa saa. Kupitisha umeme kwenye salfeti ya shaba mtamalizia wenyewe, kwa elektrodi (vijiti vya kuingizia umeme) za kaboni bluu inafifia, kwa elektrodi za shaba haififii, kwa nini waachieni wanafunzi wagombane. Haya, nani kaja na betri?